Vidonge vya Siku ya Nne

Rahmah alipoanza kuvunja glasi, Sumayiya alihesabu ya kwanza kuwa bahati mbaya, ya pili uzembe, na ya tatu akampiga kofi.

Mtoto alikuwa na miaka kumi na mmoja. Si wa kumzaa. Alikuwa wa Faridah, mdogo wake Sumayiya, ambaye alikwenda Maskati kufanya kazi za ndani na kumwachia dada yake binti huyo mmoja, begi la nguo na maneno machache: "Dada, huyu ni wako sasa. Mlee kama Zamzam." Sumayiya aliitikia. Na kwa namna yake alimlea. Alimlisha, alimpeleka shule kule Old Kampala, alimsimamia hadi akahitimu juzuu tatu. Lakini Zamzam, bintiye wa kumzaa, alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mzuri, na anaposwa. Nyumba nzima pale Namuwongo ilikuwa inazunguka posa hiyo, na mtoto wa pili katika nyumba ya namna hiyo hana budi kuwa mikono tu: ya kuosha, ya kubeba, ya kuandalia.

Sasa mikono yenyewe ndiyo iliyoharibika.

Mambo yalianza mwezi wa tatu, wakati wa mvua. Rahmah alirudi kutoka shuleni amejishika shingo, mate hayamezeki. Alikuwa na homa kali lakini hakukohoa hata mara moja. Chini ya taya vilikuwa vimemtoka vinundu vigumu kama maharage mabichi, na alipoambiwa apanue kinywa, Sumayiya aliona koo jekundu lenye madoa meupe. Akamshika mkono wakaenda duka la dawa karibu na reli. Muuzaji, msichana mwenye miwani, akamtazama koo kwa tochi ya simu, akatoa vidonge vya rangi mbili.

"Kutwa mara tatu, siku kumi," alisema. "Mama, siku kumi zote. Hata akipona siku ya tatu, asiache."

Siku ya nne Rahmah alikuwa uani anaruka kamba. Sumayiya alimtazama, akaingia ndani, akavitia vidonge vilivyobaki kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Dawa ni kitu cha thamani. Mtu mwenye afya anapewa dawa ya nini? Kulikuwa na Zamzam, mwenye chunusi shavuni ambazo hazikutaka kuondoka, na rafiki yake mmoja alikuwa amemwambia kwamba vidonge vya aina ile huzikausha. Zamzam alivimeza vyote kwa wiki moja. Chunusi zilibaki palepale.

Mwezi wa nne Rahmah akavimba goti. Halafu goti likapoa, kifundo cha mguu kikavimba, kikawa moto kama chungu. "Mifupa inakua," Sumayiya alisema, akamsugua kwa mafuta ya karafuu. Alimkaripia kwa kukataa kupiga magoti wakati wa kuwasalimia wakubwa. Baada ya wiki mbili maumivu yakaisha yenyewe, na Sumayiya akaona alisema kweli.

Mwezi wa sita mikono ikaanza.

Ilikuwa kama kitu kinachomtekenya kutoka ndani. Kidole kinaruka. Bega linapanda. Mkono wa kulia unapotaka kuchukua kijiko, unapita pembeni, unarudi, unakidaka kwa nguvu kisha unakiachia. Hati yake nzuri ya shule ikawa kama kuku amepita juu ya daftari. Na uso, uso ndio uliomkera Sumayiya kuliko vyote. Ukimwambia neno, anakunja pua, anainua nyusi, ulimi unachungulia na kurudi kama wa kenge. Saa nyingine analia bila kuguswa, na saa nyingine anacheka mahali pasipo na kicheko.

"Unanifanyia nyuso mimi?" Sumayiya alimuuliza.

"Sifanyi, Mama Mkubwa."

"Na hiyo ni nini unayofanya sasa hivi?"

Rahmah akajishika mashavu kwa mikono miwili kuuzuia uso wake. Ukamponyoka hata humo mikononi.

Adhuhuri moja Sumayiya alimkuta amelala mkekani. Akasimama mlangoni kwa muda mrefu akimtazama. Mikono imetulia tuli. Uso laini, mdomo umefumba, hakuna kinachoruka. Akapiga kofi la viganja, paa! Mtoto akagutuka, na pale pale vidole vikaanza kucheza.

"Nimekupata," Sumayiya alisema. "Ukilala unatulia, ukiamka unaanza. Ugonjwa gani unaojua saa? Ni makusudi."

Tangu siku hiyo hakuwa na shaka tena. Mtu akishaondokewa na shaka, huruma nayo humtoka. Wakati wa kula alimfunga viganja kwa kanga, akamlisha mwenyewe kwa kijiko, haraka haraka, huku akimwambia kwamba mtu anayejifanya mtoto mchanga atalishwa kama mtoto mchanga. Zamzam alicheka. Rahmah alimeza.

Faridah alipopiga simu kutoka Maskati, maneno ya mtoto yalitoka yamekatikakatika, kama ya mlevi. Sumayiya akaichukua simu. "Amekuwa mkaidi huyu," alisema. "Hata kuongea hataki sawasawa. Usijali, nitamnyoosha."

"Mnyooshe taratibu, dada," Faridah alisema.

Ikaja Jumamosi ya wageni. Watu wa Jibril, kijana aliyekuwa akimposa Zamzam, walitoka Bombo na magari mawili kuja kuleta neno. Taban, mume wa Sumayiya, ambaye siku nyingi yuko njiani na lori lake la Juba, alirudi mahsusi, akavaa kanzu iliyonyooshwa mpaka ikakata. Sumayiya alikuwa hajalala siku mbili. Alikuwa amepika gurusa, mikate myembamba ya kwao Wanubi, amekaanga samaki, ameyafunika masinia kwa vifuniko vya ukindu alivyovisuka kwa mikono yake mwenyewe, vya rangi nne. Kwa wanawake wa Bombo, mtu hupimwa kwa vifuniko vyake kabla hajafungua kinywa.

Msichana aliyekuwa aandae chai hakutokea. Sumayiya akamshika Rahmah begani jikoni.

"Utabeba sinia. Utapiga magoti. Utasalimia. Ukinitia aibu leo, Rahmah, wallahi utajuta kuzaliwa."

"Mama Mkubwa, mikono yangu..."

"Mikono yako itatulia. Inatulia ukilala, itatulia ukiamka."

Mtoto akabeba. Alitembea hatua kwa hatua, amebana meno, glasi sita zikigongana kama meno ya mtu mwenye baridi. Akafika mbele ya Hajati Mastula, shangazi mkubwa wa Jibril, mwanamke mnene aliyekaa katikati ya kochi kama mwenye nyumba. Akapiga magoti. Pale chini alikuwa karibu kabisa kushinda.

"Mashaallah," Hajati akasema. "Jina lako nani, binti?"

Rahmah akafungua kinywa ajibu. Ulimi ukatoka wote. Pua ikakunjika, jicho moja likafumba, na mkono wa kulia ukaruka kama umechomwa sindano. Sinia likainuka. Chai ya maziwa ya moto ikammwagikia Hajati Mastula mapajani, na kabla Hajati hajapata pumzi ya kupiga yowe, Rahmah akacheka.

Alicheka huku machozi yanamtoka. Lakini hakuna aliyeyatazama machozi.

Wageni waliondoka kabla ya kula. Hajati alipakiwa garini akiwa amefungwa taulo lenye maji baridi. "Katika nyumba hii kuna jini au kuna wazimu," alisema dirishani. "Vyote viwili vinarithiwa." Zamzam alijifungia chumbani. Samaki walibaki chini ya vifuniko vya rangi nne, na Taban, asiyejua kugombana, alirudi kwenye lori lake jioni ile ile.

Asubuhi iliyofuata Sumayiya akamtoa Rahmah uani. Akaweka tofali katikati ya ua, akamsimamisha juu yake. Akajaza glasi maji mpaka ukingoni, akamwekea kiganjani.

"Mkono unyooshe. Ikimwagika tunaanza upya."

Akakaa kwenye kigoda, akachukua ukindu wake, akasuka.

Ilimwagika. Akajaza. Ikamwagika. Akajaza. Watoto wa majirani wakakusanyika mlangoni. Mwanzoni walicheka, wakaiga, kila mmoja akirusha mabega na kutoa ulimi. Mara ya sita wakanyamaza. Rahmah alikuwa amelowa kutoka kifuani hadi miguuni, anahema kama mtu aliyepanda mlima, na mishipa ya shingo inampiga. Kadiri alivyojitahidi ndivyo mkono ulivyoruka.

"Siwezi, Mama Mkubwa."

"Unaweza. Jana uliweza kubeba sinia kutoka jikoni mpaka sebuleni. Ulichagua pa kumwaga."

Mara ya tisa glasi ilianguka ikapasuka, na Rahmah akaanguka juu ya vipande. Sumayiya aliona damu gotini mwa mtoto na jambo la kwanza lililomjia, na ambalo baadaye alilikumbuka kwa usahihi mchungu, lilikuwa kwamba ile ilikuwa glasi ya seti.

"Inatosha!" Sauti ilitoka mlangoni.

Alikuwa Alanyo, jirani, mke wa polisi, mwanamke mrefu wa Lira aliyejifunza Kiswahili chake kambini na kukizungumza kama anayetoa amri. Yeye na Sumayiya hawakuwa wameamkiana tangu mwaka uliopita, kwa sababu ya mtaro wa maji machafu. Nyuma yake alisimama mwenyekiti wa LC, mzee wa mtaa, amefunga vifungo vya shati vibaya kwa kuharakishwa.

"Mwenyekiti, angalia mwenyewe," Alanyo alisema kwa sauti ya kusikika hadi relini. "Hii mutoto iko mgonjwa. Huyu mama iko natesa yeye kama mfungwa. Mimi nilisema, wewe hapana amini."

"Toka nyumbani kwangu," Sumayiya alisema.

"Natoka na mutoto. Ama hospitali, ama polisi. Bwana yangu iko zamu leo. Chagua."

Hakufanya hivyo kwa upendo tu. Kulikuwa na furaha machoni mwake, furaha ya mtu aliyemngojea adui ajikwae, na Sumayiya aliiona. Akajitanda mtandio wake akaenda nao, ili daktari aseme mbele ya watu wote kwamba mtoto ni mwongo.

Hospitali ilikuwa imejaa. Alanyo aliwasimulia habari ile wanawake wa benchi la kwanza, kisha la pili, akinyoosha kidole, mpaka kila aliyekuwa kwenye foleni akajua nani ni nani. Sumayiya alikaa amenyoosha shingo, anatazama ukutani.

Daktari Ocira alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti ya chini. Alimsafisha Rahmah goti, akamkalisha kitandani.

"Nyoosha mikono mbele. Vizuri. Sasa toa ulimi, usiurudishe mpaka niseme."

Ulimi ukatoka, ukarudi, ukatoka, ukarudi.

"Sasa shika vidole vyangu, vibane, usiachie."

Alivitazama viganja vya mtoto vikibana na kulegea, vikibana na kulegea, kama vya mtu anayekamua ng'ombe. Akatikisa kichwa kidogo. Kisha akamwekea kipimo kifuani, akasikiliza. Akakihamisha chini ya titi la kushoto, akasikiliza tena, muda mrefu sana, macho yamefumba.

"Akilala, mikono inatulia?" daktari aliuliza.

Sumayiya akapata nguvu. "Inatulia kabisa! Ndiyo nawaambia. Ni makusudi, daktari."

"Hapana, mama. Ndivyo tunavyoujua ugonjwa wenyewe. Mtu anayejifanya huchoka, husahau. Huyu hawezi kusimamisha mkono wake, na akiogopa unazidi. Nani amemwogopesha?"

Alanyo akamnyooshea Sumayiya kidole. Daktari akaendelea.

"Mwaka huu aliumwa koo?"

"Mwezi wa tatu," Sumayiya alisema. "Lakini alipona."

"Na baadaye viungo? Goti, kifundo, vinahamahama?"

Sumayiya akauvuta mtandio wake. "Vilipona pia."

Ocira akavuta kiti, akakaa mbele yake. Hakumkaripia, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Kuna bakteria wa koo," alisema. "Wanawapenda watoto wa umri huu. Koo huuma ghafla, kuna homa, tezi za shingo, madoa meupe, na mara nyingi hakuna kikohozi. Si kila koo ni hilo, mengi huwa ni mafua tu, lakini hilo lina dawa, tena dawa ya kawaida. Mwili ukiona hao bakteria unatuma askari wake. Wakati mwingine askari hao hukosea adui. Wanaacha koo, wanashambulia viungo, wanashambulia moyo, na miezi baadaye wanashambulia ubongo, pale panapoongoza mikono na uso. Ndiyo hii. Alipewa dawa?"

"Alipewa. Vidonge."

"Siku ngapi?"

Sumayiya alisikia sauti ya msichana wa miwani kama yuko chumbani. "Alipona siku ya nne," alisema.

"Dawa zilizobaki zilikwenda wapi?"

Angeweza kusema zilipotea. Alifungua kinywa aseme hivyo. Lakini Rahmah, ambaye alikuwa hajazungumza tangu tofalini, alijibu kabla yake, kwa maneno yake yaliyovunjika:

"Dada Zamzam... alikunywa. Za chunusi."

Alanyo akapiga makofi mara moja, pole pole, kama mtu aliyefika mwisho wa hadithi. "Za chunusi," alirudia.

"Koo huacha kuuma mapema," daktari alisema, bila kumtazama mtu. "Siku kumi si za maumivu, ni za kuwamaliza wale bakteria. Siwezi kukuapia kwamba angezimaliza asingefika hapa. Lakini wengi wanaozimaliza hawafiki."

"Atapona?"

"Mikono itapona. Miezi mitatu, minne, labda zaidi kidogo. Apewe utulivu, asipigwe, asichekwe." Akakikunja kipimo chake. "Moyo ni jambo jingine. Kuna mlango mmoja hauzibi vizuri, damu inarudi nyuma. Tutampiga picha tuone. Akiugua koo tena bila kinga, utaharibika zaidi. Kwa hiyo atachomwa sindano ya penisilini kila wiki nne."

"Mpaka lini?"

"Mpaka awe mtu mzima. Huenda zaidi."

Rahmah alikuwa akitazama vidole vyake. "Kumbe si mimi," alisema. Alisema kwa mshangao tu, kwa sababu hata yeye alikuwa ameanza kuamini kwamba alifanya makusudi.

Jioni ile Faridah alipopiga simu, Sumayiya alieleza kuhusu koo na moyo na sindano. Vidonge hakuvitaja, wala tofali. Kisha Rahmah akaomba simu, akakaa nayo kizingitini, akaongea kwa nusu saa, neno kwa neno, akirudia pale ulimi ulipokataa. Aliporudisha simu, Sumayiya akaiweka sikioni.

"Dada," Faridah alisema, "hapa nalea watoto wa watu. Watatu. Wakitupa sahani naokota. Wakinitemea mate naosha. Hakuna hata siku moja tajiri wangu aliniambia niwafunge mikono. Na hao si damu yangu."

"Faridah, sikujua."

"Pasi yangu ya kusafiria anayo mwenye nyumba. Mkataba umebaki mwaka na miezi. Siwezi kuja. Unaelewa ninavyosema? Siwezi kuja, na mtoto wangu yuko kwako."

Akakata. Hakumpigia Sumayiya tena. Tangu siku hiyo alipiga simu ya Alanyo.

Sumayiya alijaribu. Hilo ni haki lisemwe. Aliondoa kanga, alinunua vikombe vya plastiki, alipika mchuzi ule Rahmah anaoupenda. Mtoto alikula, akasema asante, akaenda kukaa pembeni. Alisema asante kama mgeni.

Mwezi wa tisa watu wa Bombo walirudi. Jibril alikuwa amemtaka Zamzam na hakutaka mwingine, na nyayo zake za kwenda na kurudi zilimchosha Hajati Mastula. Alikuja na sharti moja, akalisema akiwa kwenye kochi lile lile, mapaja yamepona.

"Tumesikia ni maradhi, si jini. Alhamdulillahi. Lakini watu wetu wana macho. Siku ya harusi yule mtoto asionekane. Wala kwenye picha, wala kwenye chakula."

Mikono ya Rahmah ilikuwa karibu imetulia. Kidole kimoja tu kiliruka alipochoka. Alikuwa nyuma ya pazia la jikoni, na Sumayiya alijua yuko pale, kwa sababu aliziona nyayo zake chini ya pazia. Alitazama nyayo zile. Akamtazama Zamzam, aliyekuwa ameinua viganja kifuani kama anayeomba dua.

"Hakuna tabu, Hajati," alisema. "Siku hiyo atakuwa kwa jirani."

Nyayo zikaondoka.

Siku ile ile Rahmah alikunja nguo zake katika begi alilokuja nalo, akachukua kadi ya sindano, akavuka mtaro hadi kwa Alanyo. Hakuaga kwa ugomvi. "Nimekwenda mapema," alisema tu mlangoni. Harusi ilipita, ngoma zikapigwa siku tatu, na hakurudi. Mwenyekiti wa LC aliulizwa, akasema mtoto akae anapopata usingizi.

Siku ya sindano iliyofuata Sumayiya aliamka alfajiri, akavaa vizuri, akafika hospitali kabla ya wote. Aliwakuta Alanyo na mtoto wakija koridoni.

Sindano ile ni nzito. Watoto wakubwa huilia, na muuguzi hutaka mtu wa kumshika mgonjwa asitikisike. "Nani mama yake?" aliuliza mlangoni.

"Mimi ni mama yake mkubwa," Sumayiya alisema, akanyoosha mikono.

Rahmah aliitazama mikono ile. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso mtulivu, uliotulia kabisa sasa, usiosaliti kitu chochote.

"Wewe usinishike, Bi Sumayiya," alisema.

Akaingia na Alanyo. Mlango ukafungwa. Sumayiya alisimama upande wa nje akisubiri kusikia kilio, ili angalau awe na kitu cha kumwonea huruma. Alisubiri hadi walipotoka. Mtoto alikuwa akichechemea, ameshika nyonga. Ndani hakukuwa kumetoka sauti yoyote, na walipompita hakugeuka.